Jua Kali, Maji Baridi

Mtoto wa pwani huyazoea maji angali mdogo. Bahari ya Unguja na Mombasa huwa na joto la takriban nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi mwaka mzima, naye huchupa bila ya hofu. Mazoea hayo yaweza kumponza akihamia Uingereza pamoja na wazazi wake, ambako wastani wa joto la bahari ni kama nyuzi 12.

Hata mwezi wa Juni, jua likiwaka, maji ya mito na maziwa ya huko hubaki baridi, kwani maji hupata joto polepole kuliko hewa. Mtu akijitosa ghafla katika maji yaliyo chini ya nyuzi 15, mwili hushituka: huvuta pumzi kwa nguvu bila ya kukusudia, na moyo humwenda mbio. Kichwa kikiwa kimezama, huvuta maji. Umahiri wa kuogelea haufui dafu katika dakika hiyo ya kwanza.

Ndugu wazazi, wafundisheni watoto kuingia majini taratibu, tena mahali penye waokoaji. RNLI, jumuiya ya waokoaji wa baharini nchini humo, huwausia waliopatwa na mshituko huo wasishindane na maji: walale chali, masikio yakiwa majini, watulie hadi pumzi irejee, ndipo waite msaada. Anayemwona mwenziwe taabani asimfuate majini. Apige simu 999, kisha amrushie kitu kinachoelea.

Mwanao anajua kuogelea, alhamdulillahi. Mfundishe na kuelea.