Kamera Nyepesi kwa Picha Ndefu

Ukisimama katikati ya Hifadhi ya Amboseli asubuhi na mapema, mawingu yakiwa hayajapanda, Kilimanjaro hukujaza macho: Kibo kulia, Mawenzi kushoto, na mgongo mrefu wa mlima katikati yao. Unapiga picha. Unaitazama, na mlima umegeuka kichuguu. Hapo mpigaji huilaumu kamera. Safari ijayo anakuja na kamera kubwa zaidi yenye lenzi pana zaidi, na kichuguu kinazidi kupungua.

Hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Kati ya vilele hivyo viwili kuna kilometa 11 hivi, na kutoka Amboseli hadi Kibo ni kama kilometa 40. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 90 itazichora kilometa hizo 11 kwa milimita 25 tu kwenye filamu. Fremu ya panorama iitwayo 6×17 ina upana wa milimita 168. Maana yake vilele vyote viwili, na kila kilicho kati yao, vimepewa chini ya moja ya sita ya picha. Kwingine kote ni anga na nyasi. Weka lenzi ya milimita 300, usisogee hata hatua moja, na nafasi ileile inakuwa milimita 82, karibu nusu ya fremu.

Anayetafuta kamera ndogo ya panorama kwa kawaida huanza kwa kuuliza ipi ni nyepesi na ipi inakunjika. Ni maswali ya haki, ila yanakuja mapema mno. Cha kwanza ni kujua unataka kupiga nini na kwa lenzi gani. Lenzi ikishajulikana, yenyewe itakuambia sanduku gani linaweza kuibeba, na mengi yatakayokuvutia kwenye matangazo yatajiondoa bila kusukumwa.

Njia za kupata picha ndefu ni mbili tangu zamani. Ya kwanza ni kuzunguka. Mnamo 1845 Friedrich von Martens, mchongaji wa picha aliyekuwa akifanya kazi Paris, alitengeneza kamera ambayo lenzi yake ilizungushwa ili kuufagia mwanga juu ya bamba la shaba lililopindwa, na ikaona pembe ya nyuzi 150 hivi. Kodak walileta Panoram yao ya filamu mwaka 1899, na kamera ya Cirkut, iliyopewa hataza mwaka 1904, ilizunguka yenyewe nzima nzima hadi kukamilisha nyuzi 360. Ndiyo iliyopiga zile picha ndefu za vikosi na shule, ambamo kijana mwenye mbio aliweza kutokea ncha zote mbili. Mcheki Josef Sudek, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alizunguka Prague na Kodak ya kale ya lenzi inayozunguka iliyotoa negativu za sentimita 10 kwa 30. Kitabu chake cha mwaka 1959, *Praha panoramatická*, kina picha 284. Simu iliyo mfukoni mwako, ukiwasha panorama na kuizungusha taratibu, ni mjukuu wa ukoo huo.

Ukoo huo una kasoro zake. Lenzi inayozunguka huupinda ukuta ulionyooka, na ukiinamisha kamera kidogo tu, upeo wa macho unajikunja kama tabasamu au kama mtu aliyenuna. Tena fremu yake haipigwi mara moja. Ncha ya kushoto imenaswa mapema kuliko ya kulia, na ngalawa iliyokuwa ikikatiza katikati inatoka ikiwa imefupishwa au imevutwa.

Njia ya pili ni kutulia: lenzi moja pana, filamu iliyonyooka, fremu nzima kwa mpigo mmoja. Linhof wa Ujerumani walitoa Technorama yao ya 6×17 mwaka 1976, Fuji wakafuata na G617 mwaka 1983, kisha GX617 yenye lenzi za kubadilisha. Ni mashine thabiti na za haraka, na kwa mtu anayepiga akiwa anatembea zina mantiki. Mimi zinanishinda kwa jambo moja: lenzi imefungwa mahali pake, haipandi wala haishuki. Filamu ina kimo cha milimita 56 tu. Kamera ikiwa sawa kabisa, upeo wa macho unakaa katikati kabisa, na nusu ya chini ya picha inakuwa uwanja mtupu, upende usipende.

Kamera za fomati kubwa, zile za mvukuto na kioo cha kulengea nyuma, hazina kifungo hicho. Ubao wa mbele unaobeba lenzi hupanda, hushuka na kuinama. Ingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, subiri macho yazoee, na picha inajitokeza juu ya kioo chenye ukungu ikiwa kichwa chini miguu juu: anga chini, ardhi juu. Legeza skrubu ya ubao wa mbele na uinue lenzi milimita 14. Upeo uliokuwa katikati unahamia robo ya chini ya picha, na miti inabaki wima kama ilivyo, kwa kuwa kamera haikuinama. Milimita 14 ni unene wa kidole, lakini ndizo zinazoamua kama picha ni ya mawingu au ya vumbi.

Kinachoruhusu mchezo huo ni duara la taswira. Lenzi haichori mstatili. Huchora duara la mwanga, na filamu hukata kipande chake humo. Super-Angulon ya milimita 90 yenye tundu la f/8 hutoa duara la milimita 216 ukilibana tundu hadi f/22. Ulalo wa fremu ya 6×17 ni milimita 177, kwa hiyo fremu inaingia, na kwa hesabu ya duara peke yake bado unaweza kuinua lenzi milimita 40 kabla pembe hazijagusa giza. Nikkor-SW ya milimita 90 ina duara la 235, na nafasi huzidi kuongezeka.

Sasa sanduku. Kamera nyepesi iliyoenea zaidi leo ni ya inchi 4×5. Ile ya Intrepid, inayotengenezwa Brighton nchini Uingereza, ina uzito wa kilo moja na ushei, na Wachina wa Chamonix na Shen-Hao wana za mbao zinazokunjika vizuri sana. Kwa kuwa uwazi wa nyuma wa kamera hizi ni milimita 120 hivi, na fremu ya 6×17 inataka 168, watengenezaji wamebuni kasha la filamu linalochomoza nyuma ya kamera kama shubaka. Mwanga ukishapita kwenye uwazi unaendelea kutanuka hadi uifikie filamu.

Ujanja huo una bei, na bei yake inapigika kwa kalamu. Ili mwanga wa lenzi ya milimita 90 upite kwenye uwazi wa 120 na kutanuka hadi 168, filamu lazima ikae angalau milimita 26 nyuma ya uwazi. Kwa lenzi ya 180 inatakiwa milimita 51. Kwa lenzi ya 300, ile iliyourudisha mlima wetu, milimita 86. Kina cha kasha hakibadiliki kila unapobadilisha lenzi, basi mtengenezaji huchagua kimoja. Akichagua cha kuitosheleza lenzi ya 180, lenzi ya 90 italazimika kusogezwa hadi milimita 39 kutoka kwenye uwazi: mvukuto umebanwa kama kitambaa kilichofumbatwa kiganjani, na ile nafasi ya kuinua lenzi, ambayo duara lilikuahidi, haipo tena. Lenzi ya 300 nayo itatoka imekatwa kingo. Ndiyo maana makasha haya husemwa kuwa ni ya lenzi za 90 hadi 180. Si uzembe wa kiwanda. Ni pembetatu.

Kwa hiyo atakayenunua kamera ya 4×5 na kasha la 6×17 ajue amenunua kamera ya lenzi mbili au tatu. Wengi wanaishi nazo kwa raha. Mimi ningemshauri mwenye kamera ya 4×5 atazame kwanza kasha la 6×12. Fremu yake ni takriban milimita 56 kwa 112, inaingia ndani ya uwazi bila shubaka lolote, na kila lenzi inayokaa kwenye kamera hiyo inafanya kazi na miondoko yake yote. Lenzi ya 65 hukupa pembe ya nyuzi 81, si mbali na nyuzi 86 za lenzi ya 90 kwenye 6×17. Ni kweli unapoteza milimita 56 za upana, yaani kipande cha mraba. Wapo wanaosema uwiano wa moja kwa mbili si panorama halisi. Waacheni. Fremu ya moja kwa tatu ni ngumu kuijaza, na nyingi zinazochapishwa zina theluthi moja isiyo na kazi.

Na anayeing'ang'ania ile moja kwa tatu? Kwake kamera ninayoipenda ni ile ambayo wauzaji hawaitangazi sana kama ya panorama: ya inchi 5×7. Uwazi wake ni wa milimita 170 hivi, filamu inakaa mahali pake pa kawaida, na ikiwa mvukuto unafunguka zaidi ya milimita 300, lenzi ya mlima inapata makao. Tena huhitaji kasha la pekee. Chukua kifuniko cha kuchomoa cha kasha la filamu, kikate nusu kwa urefu, na ukitumie kufunika nusu ya filamu wakati nusu nyingine inapigwa. Kila nusu ni milimita 60 kwa 170, yaani 6×17 kwa jina jingine, mbili kwa kila karatasi ya filamu. Unahitaji tu kuiinua au kuishusha lenzi kidogo ili duara lielekee nusu unayoipiga, na kuandika kwa kalamu nusu ipi imeshatumika. Sanduku ni zito kuliko la 4×5, sikatai, lakini ukitoa kasha kubwa la filamu ya roli begani, tofauti inapungua sana. Kamera za 4×10 nazo zipo na negativu zake ni za kutamanisha, ila duara la kama milimita 270 linataka lenzi ambazo peke yazo zinakula nafasi ya begi zima. Hapo neno ndogo limeshatutoka.

Limebaki giza la pembeni. Lenzi pana hailishi filamu mwanga sawasawa. Kwa kanuni ya macho, mwanga hupungua kadiri ya kosaini ya pembe ikizidishwa yenyewe mara nne, na kwenye kona ya 6×17 yenye lenzi ya 90, ambako pembe inafika nyuzi 44, inabaki robo tu ya mwanga wa katikati. Lenzi za kisasa zimefuata wazo la Mrusi Mikhail Rusinov, la kuupanua mlango wa mwanga unapotazamwa kwa ubavu, na hasara ikashuka kuwa kama hatua moja na nusu ya mwanga. Kinachobaki hurekebishwa kwa kichujio chenye doa la kijivu katikati. Dhidi ya kuvutwa kwa picha pembeni hakuna kichujio: kichwa cha mtu aliyesimama ukingoni kabisa mwa fremu hiyo hunenepa kwa zaidi ya theluthi moja, kwa hiyo watu wawekwe katikati na ukingo uachiwe mawe na miti.

Kichujio hicho ni ghali, wakati mwingine kuliko lenzi ya mitumba yenyewe, na kina kawaida ya kumeza hatua moja na nusu ya mwanga, kiasi kwamba siku ya mawingu shata inabaki wazi kwa nusu sekunde na matawi yanayumba. Anayepiga filamu nyeusi-nyeupe anaweza kukiahirisha, maana negativu inavumilia na kingo zinapatiwa dawa wakati wa kuchapisha. Anayepiga slaidi za rangi hana njia: hatua moja na nusu pembeni ni buluu ya anga iliyogeuka ya usiku, na pesa ya kichujio ihesabiwe pamoja na pesa ya lenzi tangu siku ya kwanza.