Vumbi ya mgodi imetufuata mpaka nyumbani

Sisi wafanyakazi wa mgodi wa Kolwezi tunajua vumbi. Ku kazi tuko na maski, na delege wa sendika anadai zingine zikikwisha. Lakini tukivuka mlango wa kampani, maski inabaki kule. Vumbi inatungoja ku barabara. Ku nyumba, mama anapangusa meza asubuhi. Saa sita mtoto anaandika jina juu yake na kidole.

Juu ya nini? Union Minière ilianzisha Kolwezi mwaka 1937, juu ya shaba. Tangu 2015 ni makao makuu ya Lualaba, na watu wametoka pande zote kufuata shaba na kobalti. Muji umesogea ku mgodi, mgodi umesogea ku muji. Leo kamiyo za madini zinapita mbele ya shule na soko. Mu kiangazi, kila kamiyo inainua wingu. Ongeza moshi ya mazuti na ya makala ya kupikia.

Kasulo ni fundisho. Mwaka 2014 watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba mu lupango. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven wakapima watu wa kartie. Mwaka 2018 walitangaza: watoto wa kule walikuwa na kobalti mu mkojo mara 10 kupita watoto wa mahali pengine. Haihitaji kushuka mu shimo. Inatosha kucheza chini, mu vumbi.

Feza haikosi. Sheria ya migodi ya 2018 inatoa asilimia 15 ya redevansi kwa muji ao sekta yenye mgodi, na kila kampani inapaswa kuweka asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Basi tunadai: barabara zimwagiwe maji kila siku, kamiyo zifunikwe bashi, zipewe njia nje ya makartie, na hewa ipimwe karibu na shule, matokeo yabandikwe ku kartie.

Na sisi wenyewe? Salopeti tuivue kazini, ao inje ya mlango, na ifuliwe mbali na nguo za watoto. Mkutano wa kartie ukiitwa, baba, usimtume mama peke yake. Mapafu ya mtoto hayana delege. Delege wake ni wewe.