Mashine ya kukata kadi nayo huandika

Mtoto wa Basotu aliyekua akisikia Kiiraqw au Kidatoga nyumbani hukutana na Kiswahili cha kuandika akifika shule. Mkono wake unahitaji mazoezi. Mzazi mwenye mashine ya kukatia karatasi za mapambo, ile ya kadi za harusi, anaweza kumchorea kadi za kufuatisha herufi. Cricut Explore, kwa mfano, ina vishikio viwili: kimoja cha kalamu, kingine cha kisu. Huchora kwanza, kisha hukata, karatasi ikiwa palepale.

Kasoro huwa kwenye herufi zenyewe. Fonti ya kawaida mashine huichora kwa kuzunguka kingo, na "a" hutoka tupu katikati kama bomba. Kwa kupaka rangi inafaa, tena watoto huipenda, ila anayejifunza kuandika ataizunguka tu. Chagua fonti ya mstari mmoja.

Maka peni hupenyeza wino kwenye karatasi nyepesi, basi jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Kazi ikiisha, toa kalamu uifunike isikauke. Kisu nacho kiwekwe mbali na watoto.