Kielekezi cha Rundo na Hatari ya Kukigusa

Sahani safi hupangwa moja juu ya nyingine, na iliyowekwa mwisho ndiyo huchukuliwa kwanza. Sehemu mojawapo ya kumbukumbu ya kompyuta hutumiwa kwa utaratibu huohuo, nayo huitwa rundo. Mwaka 1957 Friedrich L. Bauer na Klaus Samelson waliombea wazo hilo hataza huko Ujerumani.

Programu inapoita programu ndogo, anwani ya kurudia huhifadhiwa kwenye rundo, pamoja na thamani za muda. Mahali kilipo kilele cha rundo hutunzwa katika rejista maalumu iitwayo kielekezi cha rundo. Katika kompyuta za aina ya x86-64, rundo hukua kuelekea anwani ndogo. Kwa hiyo thamani ya baiti 8 ikiongezwa, kielekezi hupunguzwa kwa 8.

Kwa kawaida kielekezi husimamiwa na kompaila, yaani programu inayofasiri lugha kama C kuwa lugha ya mashine. Kompaila ya GCC, hata hivyo, humruhusu mwandishi wa programu kupachika maagizo ya asembli katikati ya C. Kompaila haichunguzi maana ya maagizo hayo. Hutegemea tu yale ambayo mwandishi ametangaza, nayo hudai kwamba maagizo yakiisha, kielekezi kiwe palepale kilipokuwa.

Je, kukirudisha mahali pake kunatosha? La. Katika Linux ya x86-64, programu ndogo isiyoita nyingine inaruhusiwa kutumia baiti 128 zilizo chini ya kielekezi bila kukisogeza. Ichukuliwe kwamba kompaila imeweka 25 katika baiti 8 za kwanza za eneo hilo. Mwandishi akipachika agizo la kusukuma rejista kwenye rundo, thamani ya rejista hiyo huandikwa juu ya 25. Hata akiiondoa mara moja, 25 imekwisha kupotea. Hakuna onyo litolewalo. Hesabu huendelea na kutoa jibu la uongo.

Kinga iliyo bora ni kuliacha rundo na kutumia rejista zilizotangazwa. Pale ambapo rundo zima hubadilishwa, kama mfumo wa kompyuta unapohama kazi moja kwenda nyingine, maagizo huandikwa katika faili la asembli peke yake. Humo kompaila haina thamani yoyote iliyoificha chini ya kielekezi.