Vumbi la Makaa Lapika Githeri Nairobi

Mtu apitaye penye kibanda cha makaa huko Kawangware au Kangemi, magharibi ya jiji la Nairobi, ataona chini ya magunia tabaka la vumbi jeusi. Makaa husagika yakipakiwa, yakisafirishwa kwa lori na kupimwa kwa mkebe. Nao wataalamu wamekadiria ya kuwa sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 hugeuka chenga. Kwa miaka mingi chenga hizo zilifagiliwa mtaroni. Je, ni miti mingapi iliyokatwa, ikachomwa na kuletwa mjini ili itupwe?

Vikundi vya akina mama na vijana, Kibera na mitaa mingineyo, vimeonyesha njia nyingine. Vumbi huchekechwa kuondoa mawe, kisha sehemu 4 huchanganywa na sehemu 1 ya udongo pamoja na maji. Wengine, badala ya udongo, hutumia karatasi kuukuu zilizolowekwa, kama zile zitupwazo maofisini. Mchanganyiko hufinyangwa kwa mikono au hushindiliwa katika kopo, na matonge huanikwa juani mpaka yakauke kabisa. Udongo usizidi, kwani tonge la namna hiyo huacha majivu tele na moto wake ni hafifu.

Dkt. Mary Njenga na wenzake walipima jambo hili kwa makini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Githeri ya jamaa ya watu 5 ilipikwa kwa moto wa namna 3. Kwa matonge ya vumbi gharama ilikuwa shilingi 3, kwa makaa shilingi 26, na kwa mafuta ya taa shilingi 45. Tena matonge yaliwaka muda wa saa 4, hali makaa yalidumu saa 2 na nusu. Bei hizo ni za wakati ule, lakini tofauti yake si ndogo kwa mwenye mshahara haba. Maharagwe huiva polepole, na wako watu wa mjini walioacha kuyapika, si kwa kuyachukia, bali kwa kuogopa gharama ya moto.

Kasoro zipo. Matonge hukawia kushika moto, hivyo hayamfai karani atakaye chai upesi kabla ya kwenda kazini. Wakati wa masika hayakauki. Na ingawa moshi wake ni mchache, hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Jiko lisiwekwe kamwe katika chumba kilichofungwa madirisha.

Wafugaji nao wamefaidika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Chardust ya Nairobi ilikuwa ikishindilia vumbi kwa mashine, na miongoni mwa wateja wake walikuwamo wafuga kuku, kwa maana vifaranga huhitaji joto la usiku kucha.

Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikapanda sana. Tangu hapo wako wauzaji wasiofagia tena vumbi mtaroni: hulitia maguniani na kuliuza.