Warsha za Kompyuta: Uliza Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Thika au Ruiru anayetaka mtoto ajifunze kutengeneza tovuti aanze kuulizia chuo cha ufundi kilicho karibu. Katiba ya 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti.

Ukurasa wa tovuti ni faili ya maandishi tu. Mwanafunzi huuandika kwa HTML, kisha huufungua kwenye kivinjari. Bando halihitajiki mpaka siku ya kuuweka mtandaoni. Jina linaloishia .ke, ambalo husimamiwa na KeNIC, hulipiwa kila mwaka, kwa hivyo lisinunuliwe mapema.

Uchoraji wa pande tatu ni mgumu zaidi, na hudai kompyuta yenye nguvu. Programu za Blender na FreeCAD ni za bure, mtu asikuuzie. FreeCAD humfaa anayechora geti au kabati kwa vipimo: kosa la sentimita mbili huonekana kwenye skrini kabla chuma hakijakatwa. Fundi wa jua kali huelewa faida hiyo upesi.

Uliza pia kama kila mwanafunzi atapata kompyuta yake, na kama chumba hufunguliwa kwa mazoezi baada ya warsha.