Ubongo na Damu Yake (4): Kengele za Adhuhuri

Magazeti yanaizungumzia tena lecanemab, dawa ya maradhi ya Alzheimer iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani Julai 2023. Huondoa amiloidi, ile protini tuliyoichambua katika sehemu ya pili. Katika habari hizo sikuona neno kuhusu mishipa ya damu, ilhali madhara yanayohofiwa zaidi ya dawa hiyo, yaani uvimbe na kuvuja damu ubongoni, hutokea pale ambapo amiloidi imeganda kwenye kuta za mishipa.

Elimu ya mishipa hii ni kongwe. Mjini Turin, miaka ya 1870, mwanafiziolojia Angelo Mosso alimchunguza mkulima Bertino, aliyeangukiwa na tofali likampasua fuvu. Kupitia pengo lile Mosso alirekodi mapigo ya ubongo kwa chombo chake. Kengele za kanisa zilipolia adhuhuri, mapigo ya ubongo yalipanda, ya mkono yakabaki vilevile. Akamuuliza Bertino kama kengele zimemkumbusha kusali Salamu Maria, yakapanda tena. Kwa subira na chombo cha kuchorea tu, mtu yule aliona wazo likiita damu! Mwaka 1890 watafiti Roy na Sherrington wakaeleza kwamba ubongo hujigawia damu kulingana na kazi ya kila sehemu.

Daktari Alzheimer mwenyewe, ambaye maradhi haya yana jina lake, alikwisha kubobea katika ugumu wa mishipa ya ubongo kabla ya kukutana na mgonjwa wake maarufu, Auguste. Katika taarifa yake ya 1907 alitaja kwamba mishipa mikubwa ya ubongo wa mama yule ilikuwa imekakamaa. Waliomfuata walishika habari ya protini, ya mishipa wakaiacha. Huo ni uvivu wa kusoma, na wagonjwa ndio walioulipia.

Sasa tunarudi tulikotoka. Mwaka 2019 watafiti wa London walionyesha kwamba amiloidi huzifanya perisaiti, seli zinazokumbatia kapilari, zijikaze na kubana njia ya damu. Mwaka huohuo utafiti wa SPRINT MIND, Marekani, ulionyesha kuwa kushusha namba ya juu ya presha chini ya 120, badala ya kutosheka na 140, kulipunguza visa vya upungufu mdogo wa kumbukumbu na fikra kwa takriban 19%. Kwa ugonjwa kamili wa kupoteza kumbukumbu na fikra tofauti haikuthibitika, pengine kwa kuwa tiba ilisitishwa mapema. Vidonge vya presha ni vya zamani na rahisi, navyo havipewi vichwa vya habari. Kwa nini tunawaacha wazazi wetu wafike miaka 60 bila kupimwa, kisha tunaulizia bei ya lecanemab?

Sehemu ijayo: usingizi.